Fuata maji mpaka yanakotoka: mwongozo kamili wa safari ya gari kutoka Mombasa mpaka Taita, Tsavo West, Chyulu na Amboseli

Sisi wa Mombasa tukisikia safari ya milimani akili inakimbilia Mount Kenya, alafu mtu akipiga hesabu ya Nairobi na foleni zake na siku nzima ya barabarani kabla hajaona hata kilima, anaghairi. Na milima iko hapa nyuma yetu! Ukitoka Changamwe baada ya sala ya alfajiri, kabla ya adhuhuri ushafika Wundanyi na unatafuta sweta. Njia hii mimi nshaipita mara nne, mara ya kwanza na marafiki, mara ya mwisho na mamangu na watoto wa dadangu, na kila nikirudi watu wananiuliza maswali yaleyale, gari gani, siku ngapi, tulale wapi, kwa hivyo naandika yote hapa mahali pamoja.

Kwanza ushike kitu kimoja ambacho kitakusaidia kupanga. Safari hii nzima ni ya maji. Sehemu ya maji ya bomba tunayotumia Mombasa yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo West, yanakuja kwa bomba la kama kilomita 220, na maji ya Mzima yenyewe ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu ikazama kwenye mawe ya volkeno ikachujwa chini kwa chini mpaka ikatokea huko bondeni safi kabisa. Amboseli nako, ule ukijani unaouona katikati ya vumbi ni maji ya Kilimanjaro yaliyopita chini ya ardhi. Ukilijua hilo mapema huendi tena kuhesabu simba, unaenda kuona mlima unavyofanya kazi, na hata siku ambayo wanyama wamejificha hurudi umenuna.

Lini uende

Chagua Januari na Februari kama unaweza. Hewa ni kavu, barabara za ndani zinapitika, na Kilimanjaro inajitokeza zaidi. Masika, yaani Machi mpaka Mei, achana nayo hasa upande wa Amboseli na Chyulu, udongo ule ukilowa gari linateleza kama sabuni. Julai na Agosti ni kukavu na wanyama wanaonekana vizuri lakini mawingu yanakaa sana juu ya mlima na Wundanyi kuna ukungu na baridi ya kweli, kwa hivyo ukienda miezi hiyo nenda ukijua. Skuli zikifunga Desemba watu ni wengi na vyumba vya bei nafuu vinaisha haraka, buki mapema.

Siku saba ndio nzuri, nane kama unataka kupanda Chyulu yenyewe. Siku tano inawezekana ukikata Taita, lakini mimi nakushauri ukate kitu chengine chochote usikate Taita. Na usijaribu kubandika Nakuru au Mount Kenya hapohapo, nimeona watu wakifanya hivo wanarudi wamechoka na walichoona ni lami tu.

Gari

Hapa ndipo pesa zako zitaenda ama zitaokoka. Lami inafika Voi, Wundanyi, Mtito Andei, Emali, Kimana na Loitokitok, huko gari lolote zima linakwenda. Ndani ya Tsavo West barabara kubwa kubwa gari dogo lililoinuka kidogo linaweza kupita wakati wa kiangazi, lakini kipande cha kutoka geti la Chyulu (la Tsavo West) kuelekea Kimana ni mawe na vumbi, na kuna sehemu ya lava ambayo mawe yake yana ncha kama vipande vya chupa. Kwa hivyo njia kamili nnayokupa hapa inataka 4x4 ama angalau gari lililo juu lenye tairi nzima. Kama una gari la kawaida, usikate tamaa, ingia Tsavo West kwa geti la Mtito Andei, utoke kwa geti hilohilo, alafu zunguka kwa lami mpaka Emali ushuke Kimana. Utaongeza kilomita lakini utalala na amani.

Wiki moja kabla ya safari (sio siku moja kabla, manake kama kuna spea ya kuagiza huna wakati) peleka gari gereji, mwambie fundi aangalie breki, redieta na mipira yake, feni, betri, shokamzoba na springi. Tairi zote nne pamoja na ya spea. Nasema spea kwa sababu safari yangu ya kwanza tulipata pancha juu ya hiyo lava, inaitwa Shetani, saa saba mchana, tukashusha spea, haina upepo. Tulikaa pale karibu masaa matatu mpaka likapita gari la wafanyakazi wa mbuga wakatusaidia pampu, na katika gari letu kulikuwa na mtoto wa miaka sita. Tangu siku hiyo mimi nabeba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, jeki iliyojaribiwa, spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zangu, kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, na kamba ya kuvutia.

Petroli: mzunguko mzima pamoja na kutembea ndani ya mbuga ni kama kilomita 1,100 mpaka 1,200. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 120, lakini ndani ya mbuga unakwenda kwa gia ndogo na linakula zaidi, hesabu 140. Jaza Voi, jaza tena Mtito Andei hata kama tangi lina nusu, alafu Kimana. Usiingie mbugani ukitegemea kupata mafuta ndani.

Malipo ya mbuga

Tsavo West, Chyulu na Amboseli malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, si pesa mkononi. Getini hawapokei kashi kwa hivyo usiende na noti zako ukidhani utaelewana. Fungua akaunti nyumbani, jaribu kuingia, hakikisha nywila unaikumbuka, manake pale getini intaneti inaweza kuwa dhaifu na nyuma yako gari zimepanga foleni. Bei zinabadilika, ziangalie siku unayolipa na usitegemee alicholipa binamu yako mwaka jana. Mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni kwa hivyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, si picha kwenye simu. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Gari linalipiwa kando.

Sasa sikiliza hapa vizuri, hapa ndio watu wengi wanapoteza pesa. Kawaida tiketi hesabu yake ni masaa 24 na ni ya kuingia mara moja. Ukiingia saa mbili asubuhi utaona wanyama asubuhi, mchana wote wamelala chini ya miti na wewe unaungua juani, jioni unatoka. Lakini ukiingia saa tisa alasiri, ukalala ndani, ukatoka kesho yake kabla ya saa tisa, umepata jioni moja na alfajiri moja, saa ambazo wanyama wanatembea na mlima uko wazi, kwa tiketi ileile moja. Soma saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako ufuate hiyo. Na mageti yanafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hesabu kwamba ifikapo saa kumi na mbili jioni ushaingia ama ushatoka.

Vya kubeba

Jaketi. Narudia, jaketi zito, na soksi, na kofia ya kufunika masikio kwa watoto. Sisi watu wa joto hatuamini baridi mpaka itupate. Nenda Kongowea kwenye mitumba wiki moja kabla, utapata majaketi mazuri kwa bei ya chini, usisubiri kununua Wundanyi. Leso mbili tatu zinasaidia, unajifunika, unamlaza mtoto, unaziba dirisha la gari jua likiwa kali. Nguo za Tsavo ziwe rangi ya khaki ama kijivu ama hudhurungi, sababu Tsavo West kuna mbung'o na wanavutwa na buluu na nyeusi, na wanauma mpaka kupita shati. Ukiwaona wameanza kufuata gari funga madirisha.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, na tangu Juni 2020 vile vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja, chupa za maji, vikombe, sahani, mirija, haviruhusiwi mbugani. Kwa hivyo beba madumu na chupa za chuma. Maji, lita tano kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja zaidi la gari.

Chakula cha njiani usinunue ovyo. Sisi tunatoka na mahamri na mbaazi za kula asubuhi ya kwanza, mayai ya kuchemsha, kachri, tende, karanga, na achari ya maembe kwa sababu mamangu hasafiri bila achari. Kwa siku za ndani ya mbuga beba mchele, tambi, viazi, vitunguu, stovu ndogo ya gesi na sufuria mbili. Dawa za kichefuchefu kwa watoto, barabara ya kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona. Na pakua ramani kwenye simu ikiwa bado uko kwenye waifai ya nyumbani, sababu mtandao utapotea.

Siku ya kwanza: Mombasa mpaka Wundanyi

Toka saa kumi na moja alfajiri, ama ukimaliza kusali tu. Lengo ni kupita Mariakani kabla malori ya konteina hayajajaa barabarani, ukichelewa mpaka saa mbili utakwenda nyuma ya trela moja mpaka Samburu na kishawishi cha kuovateki vibaya ndicho kinachoua watu barabara hii. Usiovateki kwenye mlima wala kona hata kama aliye nyuma yako anakupigia honi.

Simama Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, madereva wengi wa kwetu wanasimama pale kusoma Fatiha na kuomba dua ya safari, kuna maji na kivuli, wazee wananyoosha miguu. Hapo kuleni mahamri yenu. Kutoka Maungu mpaka Voi na kupita, punguza mwendo na utazame kando, ndovu wanavuka. Ukiiona reli ya SGR iliyoinuliwa angalia chini yake, zile nafasi kubwa ziliachwa makusudi wanyama wapite.

Voi ni kama kilomita 155 kutoka Mombasa. Jaza mafuta, pinda kushoto barabara ya Taveta, fika Mwatate, alafu panda kulia Wundanyi. Angalizo: kuna hifadhi ya wanyama huko chini kando ya barabara ya Taveta ambayo nayo inaitwa Taita Hills, watu wengi wanabuki chumba kule wakidhani ndio milimani. Milima yenyewe iko Wundanyi. Kutoka Mwatate mpaka juu weka gia ndogo, piga honi kila kona, na ukirudi siku ya kushuka usishuke kwa breki peke yake, shuka kwa gia, breki zikipata moto hazishiki.

Nyumba za kulala Wundanyi ni za kawaida, safi, bei ya wananchi. Uliza maji ya moto kabla hujalipa.

Siku ya pili: Taita, usiikimbilie

Hapa si mbuga ya taifa, ni vijiji, mashamba na vipande vya msitu vilivyobaki, na kwangu ndio siku nzuri kuliko zote. Asubuhi ukungu uko chini yako. Mboga nyingi tunazonunua Marikiti zinapandwa kwenye ngazi hizi za mashamba, sukuma, kabichi, nyanya, na ukiona mtu anavyolima kwenye mteremko ule utaacha kubishana bei ya fungu la mboga.

Tafuta mtu wa hapo wa kukuongoza mpaka msitu wa Ngangao, muulize mwenye nyumba yako atakuunganisha, mlipe vizuri. Ni msitu wa mvua, miti mirefu, giza, na ndani yake kuna ndege wasiopatikana popote pengine duniani, Taita thrush na Taita apalis, na huyu wa pili wamebaki wachache mno. Nyamaza, kaa chini, watakuja. Usikate jani wala usichukue ua. Ukungu unaogonga majani pale unadondoka kama mvua hata siku ambayo haijanyesha, na hayo matone ndio yanalisha vijito vinavyoteremka mpaka Voi.

Mchana panda Vuria, mita 2,208, kilele cha Taita nzima. Gari linafika karibu na juu kuliko na minara ya mawasiliano. Hewa ikiwa safi unaona tambarare za Tsavo pande zote, na ukiwa na bahati upande wa magharibi Kilimanjaro inakaa juu ya mawingu. Kuna pia mapango yenye mafuvu ya wazee, Wataita wa zamani walikuwa wakiyahifadhi huko. Hayo ni makaburi ya watu, nenda na mwenyeji, uliza ruhusa, na picha usipige kama hukuambiwa upige. Jioni uliza kimanga, chakula chao cha kuponda, kizito, kinakaa tumboni vizuri kwa baridi ile.

Siku ya tatu: Mtito Andei na kuingia Tsavo West

Shuka taratibu baada ya chai, rudi Voi, shika barabara ya Nairobi mpaka Mtito Andei, karibu kilomita mia. Njiani unavuka daraja la mto Tsavo, hapohapo ambapo mwaka 1898 simba wawili walikuwa wakila wajenzi wa reli. Watoto wanapenda sana hadithi hiyo, tuliisimulia mpaka tukafika.

Mtito jaza mafuta, kula chakula kizito, sali, alafu saa tisa ingia geti la Mtito Andei. Tsavo West na Tsavo East zilianzishwa pamoja mwaka 1948, na hii ya West peke yake ni zaidi ya kilomita mraba 9,000, kwa hivyo usijidanganye kwamba utaimaliza. Chagua kona ya kaskazini tu, upande wa Kilaguni, Mzima na Chyulu, ndio kwenye milima na volkeno. Mwendo si zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na sio sababu ya askari, ni sababu ukienda mbio huoni chochote.

Jioni panda Poacher's Lookout. Ni kilima kidogo, unaruhusiwa kushuka garini, na mbele yako Chyulu yote imelala kama mgongo wa ngamia. Pale ndipo nilimuonyesha mamangu nikamwambia, Mama, mvua ya kule ndio maji ya bomba letu, akanyamaza kidogo akaniuliza, yote ile njia? Kulala, nafuu ni kempu za KWS (shirika la wanyamapori la serikali) ama nyumba za wageni za Kamboyo yalipo makao makuu ya mbuga, za kujipikia. Chakula chote usiku kiwe ndani ya gari na milango ifungwe, nyani na tumbili wanajua kufungua zipu, na fisi anakuja kwa harufu.

Siku ya nne: Mzima, Chaimu, Shetani

Saa kumi na mbili na nusu uwe ushatoka. Mzima ni karibu kilomita 50 kutoka geti la Mtito, fika mapema kabla ya magari ya watalii. Hapo kuna askari wa mbuga mwenye bunduki anakutembeza kwa miguu, usimtangulie, kuna viboko na mamba kwelikweli. Maji yanatoka kwenye mawe makavu, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, mepesi na meupe mpaka unaona samaki wakipita chini. Kuna chumba kilichojengwa ndani ya maji, unashuka ngazi, unatazama kwa vioo, samaki wanakuja wanakutazama na wao. Kaa pale. Watu wengi wanakaa dakika ishirini wanaondoka, nyinyi kaeni saa nzima.

Mamangu amekulia Mji wa Kale, amebeba ndoo za maji maisha yake yote, ameamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limefungua. Alisimama kwenye kile kibaraza akashika mbao, hakusema kitu, alafu akasoma Alhamdulillahi. Bomba lenyewe linashuka Voi, linapita kandokando ya barabara uliyokuja nayo mpaka matangi ya Mazeras. Waelezeni watoto hapohapo maji yakiwa mbele yao, ile haisahauliki.

Chaimu ni kreta ya majivu meusi, unaweza kuipanda kwa miguu lakini kokoto zinateleza na jua likipanda mawe yanachoma, kwa hivyo ama uende kabla ya saa nne ama uiache. Vaa viatu vya kufunga, si ndara.

Alafu toka kwa geti la Chyulu kabla tiketi haijaisha. Hapa kuna jina linalochanganya watu: geti la Chyulu ni geti la Tsavo West, halikuingizi mbuga ya Chyulu Hills. Mbuga ya Chyulu unaiingia kwa upande wa Kibwezi. Nimekutana na familia moja imekuja pale na tiketi ya Chyulu Hills na ilibidi walipe upya.

Ukishatoka si mbali barabara inapita juu ya lava ya Shetani yenyewe, bahari ya mawe meusi kama kilomita 8 kwa urefu. Ilimwagika miaka mia chache tu iliyopita na watu walioiona walidhani ni shetani ametoka ardhini, ndio jina. Simama kwenye nafasi iliyo wazi, tembea hatua chache, gusa jiwe uone lilivyo na matundu. Hayo matundu ndiyo yanayomeza mvua, kwa hiyo huko juu Chyulu huoni mto hata mmoja. Endesha polepole sana hapa, tairi zinakatwa ubavuni na ubavu hauzibiki.

Kabla ya kuondoka getini uliza walinzi hali ya barabara ya Kimana, na kama kuna gari jengine linakwenda huko fuataneni. Usiianze baada ya saa nane mchana. Kimana ni mji mdogo, nyumba za kulala zipo, nyama choma ipo, petroli ipo. Lala hapo.

Siku ya tano na ya sita: Amboseli mbele ya mlima

Asubuhi ya tano mpumzike. Ama pandeni Loitokitok, hapo uko kwenye miguu ya Kilimanjaro kabisa, alafu mrudi kula mchana na kuingia Amboseli kwa geti la Kimana saa tisa. Amboseli ni ndogo, kilomita mraba 392, kwa hivyo jioni moja na asubuhi moja zinatosha. Jina linatokana na neno la Kimaasai la vumbi la chumvi na utalielewa ukifika, funga madirisha gari likipishana nawe.

Nenda moja kwa moja mpaka kwenye vinamasi, Enkongo Narok, utakuta ndovu wamezama mpaka tumbo wanang'oa majani. Ndovu wa hapa wamechunguzwa na watafiti, Cynthia Moss na wenzake, tangu mwaka 1972, familia kwa familia, kila mmoja na jina lake, na wamezoea magari, lakini kuzoea si kufugwa. Ndovu akikunjua masikio akakutazama usoni, rudi nyuma polepole. Usimpigie honi, usijipenyeze kati ya mama na mtoto, na injini usiizime kama yuko karibu. Kilima cha Observation Hill unaruhusiwa kupanda kwa miguu, panda saa kumi na moja jioni uone maji yote yamejipanga chini yako katikati ya nchi kavu.

Kulala ndani ni ghali kwenye hoteli, kuna kempu ya Wamaasai kwa wenye mahema. Kama bajeti hairuhusu lala nje lakini basi chagua alfajiri uiache jioni, manake alfajiri ndio ya mlima.

Amka saa kumi na moja. Si kumi na mbili na nusu, saa kumi na moja, vaeni majaketi, chai kwenye chupa, na saa kumi na mbili juu ya alama muwe kwenye uwazi mkitazama kusini. Mlima uko Tanzania lakini sura yake yote iko kwetu. Kibo ndio ule mkubwa wa theluji, mita 5,895, na Mawenzi ni ule wenye meno upande wa kushoto. Mwanga unaanza kwenye theluji kwanza wakati nyinyi bado mko gizani, rangi ya waridi alafu dhahabu, na kufika saa tatu mawingu yanaanza kufunga na kwa siku ile imekwisha. Watu waliofika saa nne watakwambia hawakuona kitu, na kweli hawakuona.

Tokeni kwa geti la Iremito, shikeni lami mpaka Emali, kuleni, alafu mpaka Makindu. Hekalu la Masingasinga la Makindu lipo tangu 1926, wanakaribisha kila msafiri kwa chakula bila malipo, chapati na dengu na chai, na vyumba vya kulala. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na nyama wala sigara, na ukiondoka acha sadaka unayoweza.

Siku ya saba, na ya nane kwa wenye nguvu

Wanaorudi, tokeni Makindu asubuhi na mapema ili Mariakani mpite kabla ya jua kuchwa. Usiendeshe usiku barabara hii, hata kama umechelewa, lala Voi.

Wanaotaka Chyulu, makao makuu ya mbuga yako karibu na Kibwezi. Mbuga ilitangazwa 1983, vilele vinafika mita 2,188, nyasi zinapepea kama bahari na misitu midogo imekaa kwenye mabakuli ya volkeno. Hapa 4x4 ni lazima, na kutembea ni pamoja na askari wa mbuga, piga simu siku moja kabla. Ndani yake kuna pango la Leviathan, mfereji wa lava wa zaidi ya kilomita 11 chini ya ardhi, usiingie bila kiongozi, tochi mbili kila mtu, na mwenye pumu ama mwenye hofu ya giza abaki nje. Ukishuka saa nane mchana usikimbilie Mombasa, lala Kibwezi ama Mtito, nyumbani ufike kesho yake.

Na gari likishafika pumzisha siku moja alafu lipeleke gereji tena, mwambie fundi afungue chujio ya hewa, itakuwa imejaa vumbi la Amboseli rangi ya simenti, aangalie bushi na springi, aoshe chini kwa presha, na zile tairi azipitie ubavuni kwa mkono moja moja, sababu kipande cha lava kinaweza kukaa ndani ya mpira wiki mbili tatu kabla hakijapasua.